Mnyama wa Ziwa Tele na Mifupa ya Tendaguru

Nilifundisha biolojia kwa miaka 34, na katika muda wote huo nadhani niliwadanganya wanafunzi wangu mara moja tu kwa jambo kubwa. Uongo huo haukuzikwa. Hunirudia kila Jumamosi jioni barazani kwa muuza kahawa, hapa Lindi ninapoishi, umevaa kanzu na kofia, na hunisalimu kwa heshima: "Shikamoo, Mwalimu."

Mwenye salamu hiyo ni karani mstaafu wa bandari. Mwaka 1982 alikuwa mwanafunzi wangu. Mwaka huo nilipata gazeti moja kuukuu lililoeleza safari ya Wamarekani katika misitu ya Likouala, Kongo ya Brazzaville, kumtafuta mnyama aitwaye mokele-mbembe: mwili kama wa tembo, shingo ndefu kama nyoka, mkia mrefu, makao yake majini. Nililisoma usiku kucha kwa taa ya chemli. Asubuhi nikaingia darasani nikawaambia wanafunzi kwamba katika Ziwa Tele yupo dinosaria hai. Sikusema "inasemekana." Nilisema "yupo." Vijana walikodoa macho, darasa likawa kimya kama msikiti, nami nikajiona mwalimu hodari.

Sasa kila ninapobisha, karani huniwekea kikombe mbele na kusema taratibu, "Lakini Mwalimu, si wewe uliyetufundisha?"

Hatuko wengi pale barazani. Kuna fundi saa, kuna nahodha mmoja aliyeacha jahazi kwa sababu ya macho, kuna huyo karani, na siku hizi kuna mjukuu wa fundi, mvulana wa kidato cha 2, ambaye anajua majina ya dinosaria kuliko anavyojua majina ya shangazi zake. Huanza na mpira na bei ya korosho, kisha kabla kashata hazijaisha tumeshafika zama za mijusi. Ni ubishi mtamu, sikatai. Lakini umenichosha, na leo nataka kusema kwa maandishi yale ambayo pale sipati nafasi ya kuyamaliza.

Dinosaria wa Kongo hayupo. Na kuendelea kumngojea si mchezo usio na hasara.

Hebu tuanze na hoja yao kubwa, kwa sababu si hoja ya kijinga. Wanasema: samaki silikanti naye alidhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Alijulikana kwa visukuku tu. Kisha Desemba 1938 meli ya kuvulia ya Afrika Kusini ikamleta bandarini East London, na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya pale, akamwona kwenye lundo la samaki na kutambua kwamba si samaki wa kawaida. Ikiwa wataalamu walikosea kwa samaki, kwa nini wasikosee kwa mjusi?

Nahodha huipenda sana hoja hii, na ana haki, maana mwaka 2003 wavuvi walimpata silikanti Songo Mnara, mkoani kwetu humu humu, na baada ya hapo wale wa Tanga wakawa wanawapata mara kwa mara hata serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Lakini tazama vizuri kisa hicho kinasema nini. Profesa Smith, aliyempa samaki yule jina la kitaalamu, alihangaika miaka 14 kumtafuta wa pili. Alichapisha makaratasi yenye picha, akaahidi pauni 100. Wa pili alipopatikana mwaka 1952, alitoka visiwa vya Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua tangu zamani na kumwita gombesa. Samaki hakuwa amejificha kwa watu. Alikuwa amejificha kwa maprofesa. Alipoulizwa mtu anayestahili kuulizwa, jibu lilikuja na magamba, mapezi na harufu yake. Tangu siku hiyo wamepatikana mamia.

Sasa linganisha. Ziwa Tele limetembelewa. Roy Mackal, mtaalamu wa biolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikwenda Likouala mwaka 1980 na 1981, na mara zote mbili hakufika hata ziwani. Mmarekani mwingine, Regusters, alifika mwaka 1981 na kudai amemwona mnyama. Mwaka 1983 Mkongo Marcellin Agnagna naye alidai hivyo, lakini hakurudi na picha ya kumsadikisha mtu. Wakafuata wengine na wengine, wengi wao wakiwa na imani yao ya kidini waliyotaka mnyama aje kuithibitisha. Si jino, si mfupa, si kinyesi, si kipande cha ngozi. Na ziwa lenyewe ni kama sahani, upana wake ni kilomita chache na kina chake ni mita chache tu. Mnyama mkubwa kama tembo angejificha wapi humo, tena si yeye peke yake, bali na mke, watoto, wajomba na mababu? Maana hili nalo watu husahau: mnyama mmoja hawezi kuishi miaka milioni 66. Inatakiwa jamii nzima, mamia kwa mamia katika kila kizazi, na kila mmoja hufa na kuacha mifupa.

Okapi ni mfano mwingine wanaoutaja. Sawa. Sir Harry Johnston alisikia habari zake kwa watu wa Ituri, mwaka 1900 akapewa vipande vya ngozi, na mwaka 1901 mnyama akaandikwa katika vitabu vya sayansi. Mwaka mmoja! Mnyama wa kweli akitajwa na wenyeji huchukua muda mfupi kuonekana. Mokele-mbembe ametafutwa zaidi ya miaka 100.

Fundi saa, ambaye kazi yake imemzoesha kutoamini kitu mpaka akifungue nyuma, aliniuliza siku moja: "Mwalimu, na hiyo mifupa ya katikati iko wapi?" Lile ndilo swali. Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kulijibu. Kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, kina mifupa ya miaka milioni 18 hivi. Bonde la Rukwa limetoa ya miaka milioni 25. Olduvai tunaijua sote. Ukipanda kaskazini mpaka Fayum, Misri, utakuta ya miaka zaidi ya milioni 30. Humo mna nyani, tembo wa kale, viboko, mamba, kobe, chatu, hata panya. Dinosaria hakuna hata kidole. Silikanti tunaweza kumsamehe kwa kukosa visukuku vya karibuni, kwa kuwa anaishi kwenye mapango ya mamia ya mita chini ya bahari, na nani anachimba huko? Lakini mnyama wa tani nyingi, wa nchi kavu na mito, aishi Afrika miaka milioni 66 asiache hata mfupa mmoja pale ambapo panya ameacha jino lake! Hapo sina la kuongeza.

Karani alipozidiwa kwa mifupa alikimbilia mazingira. Alisema misitu na vinamasi vya Kongo havijabadilika tangu zama zile, kwa hiyo mnyama alipata hifadhi. Maneno haya niliwahi kuyasema mimi mwenyewe ubaoni, na ndiyo yanayonitia aibu kuliko mengine. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza na Kongo walichapisha ramani ya vinamasi vya katikati ya bonde la Kongo. Waligundua kwamba chini ya miti ile kuna mboji, majani na mizizi iliyooza nusu nusu kwa kukosa hewa, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 145,500, ikiwa imehifadhi kaboni ya tani bilioni 30 hivi. Na mboji hiyo ilianza kujijenga lini? Miaka 10,600 hivi iliyopita. Basi hicho kinamasi cha kale kisichobadilika ni cha juzi. Dinosaria walipokufa, hata nyasi za mbuga zetu hazijaenea bado; mabara yamesogea, hali ya hewa imegeuka mara nyingi, msitu umenywea na kupanuka tena.

Nikamwuliza, "Kabla ya miaka 10,600 huyo mnyama wako alikuwa amepanga chumba wapi?" Watu walicheka. Yeye hakucheka, nami nilijuta kidogo, kwa sababu dhihaka ile nilikuwa najidhihaki mwenyewe.

Yapo mengine ambayo hayahusu mifupa wala mboji, na hayo ndiyo yanayonikera hasa.

Carl Hagenbeck wa Hamburg alikuwa mfanyabiashara wa wanyama wa porini. Aliwauzia Wazungu simba na twiga, na aliwaonyesha pia watu. Ndiyo, watu: familia nzima kutoka Afrika na kwingineko, wakipangwa mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Mtu huyo ndiye ambaye, kitabu chake kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1909, aliutangazia ulimwengu kwamba katika vinamasi vya Rhodesia kuna mnyama mkubwa, nusu tembo nusu joka, na kwamba yeye anaamini ni dinosaria. Mwaka 1913 afisa wa Kijerumani, von Stein zu Lausnitz, aliyetumwa kukagua nchi waliyoongezewa Kamerun, akaandika habari alizozisikia za mokele-mbembe. Aliandika pia kwamba mnyama huyo husemwa ana jino moja refu, na wengine husema ni pembe. Pembe hiyo wapenzi wa dinosaria wameikata kimyakimya, kwa sababu haifanani na picha wanayoitaka.

Na picha yenyewe! Wakati ule wataalamu waliamini kwamba dinosaria wenye shingo ndefu walikuwa wazito mno kusimama nchi kavu, kwa hiyo waliwachora wakiwa wamezama ndani ya maji, wakitoa kichwa juu kupumua. Mwaka 1951 Mwingereza Kermack alionyesha kwamba haiwezekani: ukimzamisha mnyama kiasi hicho, uzito wa maji ungebana kifua chake asiweze kuvuta hewa. Baadaye ikathibitika kwamba walitembea nchi kavu kwa miguu iliyonyooka kama nguzo, wakila majani ya miti mirefu. Vitabu vikachorwa upya. Ni mokele-mbembe peke yake ambaye hakupata habari hizo. Yeye bado anaishi majini, kama michoro ya mwaka 1909 ilivyomwamuru. Mnyama aliyenusurika miaka milioni 66 anaishi kwa kufuata makosa ya kitabu!

Karani hunijibu kwamba nawadharau wenyeji wa Likouala. Hili linaniuma. Mimi nimelelewa na wazee waliojua mdudu gani hutangulia mvua. Sitamdharau mtu wa msituni kwa habari za msitu wake. Lakini wale wapelelezi walikwenda na vitabu vya picha, wakawaonyesha watu dinosaria na kuuliza, je, huyu ndiye? Mgeni aliyetoka mbali, ana zawadi, ana vyombo, ana hamu usoni. Wewe ungemjibu nini? Na watu hao hao wa Likouala wakisema mnyama yule ni mzimu wa mto, kwamba kumsema vibaya ni balaa, wageni huandika hayo pembeni kama hadithi. Wakisema ana shingo ndefu, huandikwa kama ushahidi. Huko siko kuwasikiliza wenyeji. Ni kuwachagulia maneno.

Isitoshe, kwa nini daima ni huku? Kwa nini dinosaria hai hatafutwi sana Ubelgiji? Kwa sababu tangu zamani wapo watu wanaopenda kuamini kwamba saa ya dunia ilipofika Afrika ilisimama, na huku kila kitu cha kale kingali kinatambaa. Mzungu akiamini hivyo namwelewa, hata nisipomsamehe. Sisi tukinunua kioo hicho na kujitazamia, sielewi.

Sasa nirudi nyumbani. Katika miaka ile ile, 1909 hadi 1913, wakati Hagenbeck anauza mnyama wake wa kusadikika, kilomita 60 hivi kutoka hapa ninapoandika, katika kilima cha Tendaguru, Wajerumani walikuwa wanachimba wanyama wa kweli, wa miaka milioni 150. Mhandisi Bernhard Sattler alikuwa ameona mifupa mwaka 1906, wakati vita vya Maji Maji havijamalizika na watu wa kusini wanakufa kwa risasi na njaa. Halafu wakaja Janensch na Hennig kutoka Berlin. Lakini waliochimba walikuwa Waafrika, mamia yao. Hakukuwa na reli wala gari. Mifupa ilifungwa mizigo, ikabebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200. Hebu rudia kusoma: zaidi ya tani 200, vichwani. Mnyama mmojawapo alisimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937, urefu wake kwenda juu mita 13.27, na mpaka leo yuko kule. Siku hizi huitwa Giraffatitan, yaani twiga jitu. Sisi humwita mjusi, na suala la kumrudisha au kupata fungu letu limeulizwa bungeni zaidi ya mara moja.

Mnyapara mkuu wa uchimbaji ule aliitwa Boheti bin Amrani. Alijua kutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja, ufundi ambao hakuna chuo kilichomfundisha. Mwaka 2007, karibu karne nzima baadaye, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Yule mvulana wa kidato cha 2 nilimjaribu. Nikamwambia, nitajie ziwa la mokele-mbembe. Akajibu kabla sijamaliza: Tele, na wilaya, na nchi. Nikamwambia, nani Boheti bin Amrani? Akatazama chini. Tendaguru je, umefika? "Bado, babu." Nani wa kulaumiwa? Si yeye. Mimi mwenyewe nilifundisha miaka 15 kabla sijakanyaga pale, nilikuwa na miaka 41, na nilipofika nilikuta nyasi zimenifika kifuani na mashimo ya zamani yamejifukia.

Tena babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi wa mifupa ile. Alikuwa akisema walibeba "mawe ya Wajerumani," mawe yenye umbo la mfupa, na kwamba mwenzake mmoja alikataa mzigo akisema hawezi kumbeba maiti asiyemjua. Malipo yalikuwa rupia chache. Nilimsikia akisimulia hayo nikiwa mtoto, na sikuuliza zaidi. Jina la mwenzake nani, walilala wapi njiani, nani alifia barabarani: sikuuliza hata moja. Alifariki mwaka 1974. Miaka 8 baadaye nikasimama darasani, wilaya ile ile, mbele ya wajukuu wa wapagazi, nikawahadithia dinosaria wa Kongo. Hiyo ndiyo hasara ninayoisema. Yule asiyekuwepo alimeza nafasi ya waliokuwepo.

Mvulana aliniambia kwa huzuni, "Kwa hiyo babu, hakuna hata mmoja aliye hai?" Nikamwambia wapo, zaidi ya aina 10,000. Akadhani namtania. Nikamwita kuku wa jirani aliyekuwa anaparura jalalani, nikamwambia tazama miguu yake, tazama yale magamba, tazama vidole vitatu mbele. Tangu kisukuku cha Archaeopteryx kilipopatikana Ujerumani mwaka 1861 hoja ilikuwepo. John Ostrom wa Marekani aliifufua mwaka 1969 alipomweleza Deinonychus, na mwaka 1996 China ikatoa dinosaria mwenye manyoya mwilini. Ndege hawakutoka kwa ndugu wa dinosaria. Ni dinosaria. Kimondo kilipopiga Mexico wakubwa wakafa, hawa wadogo wakapenya. Kule Laetoli, kwenye majivu ya volkano ya miaka milioni 3.6, karibu na nyayo za watu wa kale zilizochimbuliwa mwaka 1978, kuna nyayo za tembo, za faru, za sungura, na za kanga. Dinosaria aliyepita pale siku zile alikuwa kanga.

"Ina maana," akasema fundi saa, "juzi harusini tumekula biriani ya dinosaria?"

"Tena ukaongezewa paja," nikamwambia.

Nahodha alicheka mpaka akakohoa. Karani hakusema kitu. Alikaa akizungusha kikombe, kisha akaniuliza, si kwa ubishi safari hii, "Mwalimu, kwa nini basi ulituambia vile?"

Nikamwambia ukweli: kwa sababu mlinyamaza mkanisikiliza, na nilikuwa sijawahi kusikilizwa hivyo.

Alilipa kahawa yake na yangu. Jumamosi iliyofuata alikuja amemtafuta dereva wa pikipiki za matairi matatu, mtu anayeijua njia ya Tendaguru wakati wa kiangazi, na alitaka kujua kama magoti yangu yatastahimili. Yule mvulana alikuwa ameshaandika kwenye daftari orodha ya vitu vya kubeba. Cha kwanza ilikuwa maji.